Serikali inunue vizuri kwanza, hotuba zije baadaye

Makongamano ya "biashara inayowajibika" yana utaratibu wake. Waziri anafungua, kampuni tatu zinakabidhiwa tuzo za kioo, watu wanapiga picha ya pamoja, wanakula, wanaondoka. Jumatatu inayofuata, ofisi ya ununuzi ya wizara ileile inafungua zabuni na kumpa kazi mwenye bei ya chini kuliko wote, bila kujiuliza bei hiyo imeshukaje hadi pale.

Nimekaa kwenye kamati za tathmini ya zabuni kwa muda mrefu, nikisoma makabrasha ambayo mtu mwenye akili timamu hasomi kwa hiari yake. Kazi hiyo imeniachia msimamo mmoja ambao wenzangu wa idara za sera wanauona wa kizamani. Serikali ikitaka kampuni zenye adabu, na ikitaka sekta binafsi ishiriki kwenye maendeleo bila kugeuka mzigo, ianze na mambo mawili yasiyo na mvuto wowote jukwaani: inavyonunua na inavyolipa. Hayo mengine yana nafasi yake, nitayagusa, lakini hayo mawili yakiharibika, mengine yote ni rangi juu ya ukuta wenye ufa.

Tuangalie kwanza ukubwa wa mfuko wenyewe. Katika nchi za OECD, jumuiya ya nchi nyingi tajiri, ununuzi wa umma hufikia takribani asilimia 12 hadi 13 ya pato la taifa. Hakuna mnunuzi mwingine anayekaribia hapo. Barabara, dawa, madawati, sare za askari, kompyuta, ulinzi wa majengo, ufagiaji wa korido, vyote hivyo mteja ni mmoja. Hata kampuni inayojisifu kwamba haijawahi kuiuzia serikali kitu, ukiifuatilia utakuta inamuuzia mtu anayeiuzia serikali. Mteja wa namna hiyo hahitaji kumsihi mtu awajibike. Anaandika sharti kwenye nyaraka za zabuni, basi.

Wala wazo hili si geni. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 94 unaohusu vifungu vya kazi katika mikataba ya umma. Unadai kwamba anayefanya kazi ya serikali asiwalipe watu wake chini ya kile kinacholipwa kwa kazi ya aina hiyohiyo katika eneo hilo. Waliouandika walikuwa wameshaelewa kwamba ukiwashindanisha watu kwa bei peke yake, mashindano huishia mahali palipo laini zaidi, na mahali hapo ni mshahara wa kibarua.

Ngoja nieleze linavyotokea, maana kwenye ripoti huwa linaandikwa kwa lugha ya kulaza watu. Zabuni ya usafi wa majengo. Nyaraka zinasema mzabuni alete wafagiaji wa idadi fulani, siku sita kwa wiki. Unachukua kikokotoo. Idadi ya wafagiaji, mara kima cha chini cha mshahara kwa mujibu wa sheria, mara miezi 12. Jibu linalotoka ni kubwa kuliko bei yote aliyoandika mzabuni, na hapo hajanunua sabuni, hajanunua mifagio, hajalipa mchango wa hifadhi ya jamii, wala hajajitengea faida hata ya senti. Maana yake mtu huyu ametuandikia waziwazi, akasaini na kugonga mhuri, kwamba atavunja sheria ya kazi. Nimelisema hilo mezani zaidi ya mara moja. Jibu huwa, "Hiyo ni biashara yake, sisi tumepata nafuu." Nafuu hiyo kuna anayeilipia, na yuko pale koridoni ameshika ndoo.

Umoja wa Ulaya ulilishughulikia jambo hili katika Maelekezo yake ya ununuzi wa umma ya mwaka 2014, yaani sheria inayozibana nchi wanachama. Kifungu cha 69 kinasema bei ikionekana ya chini isivyo kawaida, mnunuzi lazima adai maelezo, na ikibainika imeshuka kwa sababu mzabuni anakiuka sheria za kazi, za jamii au za mazingira, zabuni hiyo ikataliwe. Hapo hakuna hiari. Nakipenda kifungu hiki kuliko mikakati mingi ya kurasa mia, kwa sababu kinampa ofisa mdogo kitu cha kushika mkononi anapobishana na mwenyekiti wake.

Ukiwaomba wazabuni wakuletee "sera ya uwajibikaji kwa jamii" bila kuifungamanisha na chochote kinachopimika, watakuletea. Kurasa kumi za karatasi ng'aavu. Niliwahi kuisoma moja hadi mwisho (sidhani kama ilitarajiwa kusomwa) na kukuta katikati jina la kampuni nyingine kabisa, ya sekta nyingine kabisa. Wamenakili, wakabadilisha jalada, wakasahau ndani. Alama za kipengele hicho walizipata zote, maana swali letu lilikuwa "Je, sera imeambatanishwa?" na kweli ilikuwa imeambatanishwa.

Sheria nazo hupata ugonjwa huohuo. Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya Uingereza ya mwaka 2015 inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 kwenda juu kutoa taarifa ya kila mwaka kuhusu hatua zinazochukua dhidi ya utumwa kwenye minyororo yao ya ugavi. Soma kifungu cha 54 taratibu. Kampuni inaruhusiwa kutoa taarifa kwamba haijachukua hatua yoyote, na ikifanya hivyo imetimiza sheria. Kuna watetezi wanaosema aibu ya hadharani inatosha kuwasukuma. Sijawahi kukutana na mkurugenzi wa fedha anayeona haya kwa sababu ya ukurasa uliofichwa chini ya tovuti ya kampuni yake.

India ilijaribu njia nyingine. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013 iliziambia kampuni kubwa zitenge asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya miradi ya kijamii, kuanzia Aprili 2014. Fedha zimetoka, hilo halina ubishi. Lakini watafiti waliozichambua takwimu walikuta kwamba kampuni zilizokuwa zikitoa zaidi ya asilimia 2 kabla ya sheria zilishusha kiwango chao. Ukimwekea mtu kima cha chini, mara nyingi umemwonyesha pia pa kuishia. Tena asilimia 2 ya faida haikuambii lolote kuhusu namna ile 98 ilivyopatikana. Kiwanda kinaweza kumwaga kemikali mtoni mchana, jioni kikafungua zahanati, na kwenye daftari la asilimia 2 kikaonekana safi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wapenda miradi ya hisani. Swali la uwajibikaji liko ndani ya biashara yenyewe. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao mafundi cherehani. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana. Benki iliyokuwa ndani ya jengo hilo ikaondoa watu wake, wa viwanda vya nguo vilivyokuwemo wakaamriwa kurudi kazini. Baadhi ya viwanda hivyo vilikuwa vimepita kwenye ukaguzi wa kijamii wa watu binafsi, ule wa kujaza fomu kuhusu saa za kazi na vyoo. Nguzo za jengo hazikuwa kwenye fomu. Aliyekuwa na mamlaka ya kuuliza ghorofa za juu zimejengwa kwa kibali gani alikuwa mkaguzi wa majengo wa umma, si fomu ya mteja aliye ng'ambo.

Ufaransa ilijifunza kitu pale. Sheria yake ya Machi 2017 inazibana kampuni zenye wafanyakazi 5,000 ndani ya nchi, au 10,000 duniani, ziwe na mpango wa kuchunguza na kuzuia madhara kwenye kampuni tanzu na kwa wagavi, na mwenye malalamiko anaweza kwenda mahakamani. Desemba 2023 mahakama ya Paris ilitoa hukumu ya kwanza ya kuiamuru kampuni iutengeneze upya mpango wake. Kampuni hiyo ilikuwa La Poste, shirika la posta lenyewe, linalomilikiwa na umma. Nilicheka kidogo, kisha nikaona ni sawa kabisa. Anayetaka wengine wawajibike hajengi nyumba yake nje ya mpaka wa sheria.

Sasa nirudi kwenye malipo, kwa sababu ndiko moyo wangu uliko.

Januari 2018 kampuni ya Carillion ilifilisika Uingereza. Ilikuwa na mikataba ya umma ipatayo 450: hospitali, reli, chakula cha shule, matengenezo ya magereza, nyumba za wanajeshi. Siku inazama ilikuwa na fedha taslimu pauni milioni 29 na madeni yanayokaribia pauni bilioni 7. Wagavi na wakandarasi wadogo kama 30,000 walikuwa wakiidai karibu pauni bilioni 2. Kamati mbili za bunge ziliketi zikachambua, na taarifa yao ni darasa tosha kwa yeyote anayetaka kuandika sera ya mambo haya.

Kinachonishika mimi si hesabu za wakurugenzi. Ni kwamba Carillion ilikuwa imetia saini kanuni ya hiari ya kulipa wagavi kwa wakati. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wema. Wakati huohuo masharti yake ya kawaida yalikuwa kulipa baada ya siku 120. Ukishindwa kusubiri, ulielekezwa benki ulipwe mapema kwa kukatwa kiasi fulani. Yaani fundi wa kupaka rangi aliyemaliza kazi yake Januari alikuwa anaikopesha kampuni kubwa hadi Mei, kampuni ambayo yenyewe ilikuwa inalipwa na serikali. Julai 10, 2017, ikatoa onyo kwamba hesabu zake zimeharibika. Wiki moja baadaye, ubia iliokuwemo ukatangazwa kupewa kazi kwenye mradi wa reli ya mwendo kasi wa HS2. Hospitali mbili ilizoziacha nusu, moja Liverpool na nyingine karibu na Birmingham, zilimaliziwa kwa fedha za umma. Ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2022, ya pili 2024.

Baada ya hapo serikali ya Uingereza ikafanya jambo dogo ambalo ningependa kuliona kila mahali. Tangu Septemba 2019, anayeomba mkataba wa serikali kuu wenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 5 kwa mwaka lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe hulipa asilimia 95 ya ankara zake ndani ya siku 60. Akishindwa, anaweza kuenguliwa. Hakuna kiapo hapo wala nembo ya kubandika mlangoni. Ni namba inayotoka kwenye vitabu vyake, na ofisa wa kawaida anaweza kuikagua kabla ya chakula cha mchana.

Ila sharti hilo linaifaa tu serikali ambayo nayo inalipa kwa wakati. Umoja wa Ulaya una Maelekezo ya mwaka 2011 yanayozitaka mamlaka za umma kulipa ndani ya siku 30 kwa kawaida, na kuongeza riba kubwa zikichelewa. Januari 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliitia Italia hatiani kwa kutohakikisha kwamba taasisi zake zinafuata muda huo. Fikiria hali ya mfanyabiashara mdogo pale: anayemhimiza awajibike ni mdaiwa wake.

Ucheleweshaji wa malipo husemwa kama kero ya kiutawala, ya kutatuliwa kwa mfumo mpya wa kompyuta. Mimi nauona kama mchujo. Serikali ikikaa na ankara miezi minane, nani anaanguka kwanza? Anaanguka aliyelipa wafanyakazi kwa wakati, aliyelipa kodi, aliyekopa benki kwa riba halali na akaweka bei ya kweli. Anayebaki ni yule aliyejua tangu mwanzo kwamba malipo yatachelewa, akapandisha bei kufidia, au aliye na mtu wake ndani wa kuisukuma ankara. Na ankara iliyokwama mezani ndiyo kitalu cha rushwa: kila siku inayopita inampa mtu mwingine sababu ya kupiga simu. Baada ya miaka kadhaa ya mchujo huo, serikali inaangalia orodha ya wazabuni wake na kulalamika kwamba sekta binafsi haina maadili. Imeichuja yenyewe.

Kuhusu rushwa nitakuwa mfupi. Hadi mwaka 1999, kampuni ya Ujerumani iliweza kuingiza hongo iliyompa ofisa wa nchi nyingine kwenye matumizi ya biashara na kupunguziwa kodi. Halikuwa jambo la kificho, lilikuwa sheria ya kodi. Mkataba wa OECD dhidi ya hongo kwa maofisa wa kigeni ulisainiwa 1997 na sheria za nchi zikafuata. Desemba 2008 kampuni ya Siemens ya Ujerumani ikakubali kulipa jumla ya takribani dola bilioni 1.6 kwa mamlaka za Marekani na Ujerumani. Katikati ya kupunguziwa kodi na kutozwa mabilioni imepita chini ya miaka kumi. Watu hawakubadilika tabia ghafla; kilichobadilika ni gharama.

Halafu kuna ubia, neno linalowafanya mawaziri wa fedha watabasamu. Sina ugomvi na ubia kati ya serikali na sekta binafsi. Nina ugomvi na sababu moja ya kuupenda: kwamba deni halionekani. Fedha ya mwekezaji hurudishwa na watu wawili tu, mlipakodi au mtumiaji wa huduma, na hakuna wa tatu. Ofisi ya Ukaguzi ya Uingereza ilieleza mwaka 2018 kwamba miradi ya namna hiyo zaidi ya 700, yenye thamani ya ujenzi ya takribani pauni bilioni 60, ilikuwa bado inadai malipo ya pauni bilioni 199 hadi miaka ya 2040. Sehemu ya malipo hayo ni huduma na matengenezo, si haki kuyaita yote riba. Hata hivyo Oktoba mwaka huohuo serikali ilitangaza haitasaini mingine ya mtindo ule. Mradi ukiwa mzuri, utabaki mzuri hata ukiandikwa kwenye vitabu vya serikali kama deni. Ukiwa unapendeza tu kwa sababu hauandikwi, hapo nashauri watu warudi nyumbani wakalale.

Na matumaini ya fedha nyingi za binafsi kumiminika kwa kuchokozwa na fedha kidogo za umma yanahitaji kupoozwa. ODI, taasisi ya utafiti wa maendeleo ya London, ilikadiria mwaka 2019 kwamba dola 1 ya benki na taasisi za fedha za maendeleo huvuta kwa wastani senti 75 za sekta binafsi, na katika nchi za kipato cha chini senti 37 tu. Misamaha ya kodi nayo haina rekodi nzuri: ripoti ya pamoja ya IMF, OECD, Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia kwa kundi la G20 mwaka 2015 ilieleza kwamba katika nchi maskini misamaha mingi huwaendea wawekezaji ambao wangekuja hata bila hiyo. Mwekezaji makini huuliza kama mahakama zinafanya kazi na kama mkataba utaheshimiwa serikali ikibadilika. Anayeuliza kwanza kuhusu msamaha, mpe kiti, lakini usimpe kalamu.

Mikataba yenyewe iwekwe wazi. Nchini Slovakia, tangu Januari 2011 mikataba mingi ya umma haianzi kutumika mpaka ichapishwe kwenye mtandao, na mkataba usipochapishwa ndani ya miezi mitatu unahesabika haukuwahi kufungwa. Ona akili iliyomo: huhitaji kumwadhibu ofisa mficha nyaraka, kwa sababu mkandarasi mwenyewe atamkimbiza achapishe ili apate kulipwa. Ukraine nayo iliweka mfumo wa ProZorro, ambao tangu 2016 taasisi za umma zinalazimika kuutumia na yeyote anaweza kufuatilia zabuni. Wanaosema siri za biashara zitavuja huwa nawauliza ni siri ipi iliyomo kwenye bei ya kilomita moja ya lami.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito, na huletwa na watu ninaowaheshimu: masharti haya yote yatawafukuza wadogo. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kujaza fomu, fundi mwenye vibarua sita hana. Ni kweli, na nimeona wadogo wazuri wakienguliwa kwa kukosa cheti kisichohusiana na kazi. Jibu langu ni kupandisha masharti kwa ngazi, kama Waingereza walivyoweka kizingiti cha pauni milioni 5, na kuvunja zabuni kubwa kuwa mafungu yanayoshikika. Kwa fundi yule wa vibarua sita ningedai karatasi mbili tu: orodha ya mishahara iliyosainiwa na waliolipwa mwezi uliopita, na uthibitisho kwamba michango yao ya hifadhi ya jamii imefika. Sera ya uwajibikaji simdai. Na siku ya 30 baada ya kazi kupokelewa, hela yake iwe imeingia, bila yeye kumpigia mtu simu.